Kibendera Ambacho Sikukiinua

Pentre Isaf, Wales, Jumatatu

Kaka Hywel,

Nimeliziba paa la klabu yetu ya raga, vigae arobaini na viwili, na asante sijaisikia. Jumamosi wakanipa kibendera cha mwamuzi wa mstarini. Tangu tukufukuze kwa kukiinua dhidi ya timu yetu wenyewe, hakuna anayekitaka.

Dakika ya sabini na nane winga wetu alikanyaga mstari wa pembeni kwa sentimita nne, akaendelea, akafunga. Katika raga mstari wenyewe ni nje, unajua. Refa alinitazama. Sikukiinua. Tukashinda, na klabuni wakanipigia kelele:

"Emlyn, wewe ndiye wetu, si yule kaka yako msaliti!"

Miaka tisa nami nimekuita hivyo. Leo nimewaandikia chama cha raga ukweli. Kesho huku watajua, nami watanifukuza kama wewe. Kwako kuna kitanda?

Mdogo wako,
Emlyn