Migomba Ambayo Hatukupanda

Kwako Papa, baba yangu,

Jumapili baada ya misa, Siméoni, ambaye sasa ni rais wa koperative ya wakulima, alitangaza mbele ya ghala kwamba kijiji kilianzishwa na baba yake, na kwamba sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ni wapangaji tu. "Muangalie mashamba yao," alisema. "Mugomba hata moja haiko. Mutu mwenye udongo yake anakosa migomba?" Mama ameambiwa aondoke baada ya kuvuna maharagwe.

Hoja hiyo ina nguvu, Papa. Huku mpangaji hulima maharagwe na viazi. Anayepanda migomba ni mwenye ardhi.

Nakumbuka wewe na baba yake Siméoni mlivyofyeka pori pamoja, mkakubaliana kuweka mavuno yote ghala moja. Mama alileta machipukizi ya migomba kutoka Rutshuru. Siméoni, kijana bado, akasimamisha chukudu yake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kilichojaa kuni.

"Muzee, migomba ya nini? Vita inaisha, mutarudia kwenu Masisi. Ao munataka kuzeekea huku?"

Ulicheka. Ulimwambia Mama kwamba kupanda mgomba ni kukubali hatutarudi. Akakujibu, "Sawa, muzee. Mangaribi watoto wakilia njaa, tutapika hiyo safari."

Siku chache baadaye niliyaona machipukizi yaleyale kwenye shamba la baba yake Siméoni. Nilidhani umewapa kwa wema. Sasa, kwa kuwa huwezi tena kunijibu, najiuliza nani alikuomba, na alikuwa anafikiria nini.

Sina ushahidi kwamba Siméoni alipanga njama tangu wakati ule. Wiki hii nimewahoji wazee watatu, kila mmoja kwake. Wote walinijibu, "Baba yake alitukaribisha," neno kwa neno. Watu wanaokumbuka hutofautiana. Hawa walikuwa wamefundishwa. Wa tatu, jirani yetu Mama Feza, alinisindikiza hadi barabarani, akatazama nyuma.

"Mutoto yangu, tulikuta pori. Hakuna mutu alitukaribisha. Lakini mbegu iko kwa Siméoni, mu ghala ya koperative. Nikisema, nitapanda nini?"

Nilimwambia kwamba mama yangu atamgawia mbegu zake. Akauliza wajumbe wa mwami, chifu wetu, wanakuja lini kuamua kesi ya shamba.

Wanakuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, shambani. Mama Feza amekubali kusema mbele yao. Nitatoka kwangu mjini, mtaa wa Mapendo, kwa pikipiki kabla jua halijachomoza nikamchukue, Siméoni asije akatangulia mlangoni kwake.

Binti yako mkubwa