Tumbo la Sefu

Nyamirambo, 9 Juni 1992

Kaka Ismaël,

Assalaam alaykum. Wagonjwa wako hapo Butare wanakuacha upumue? Sisi tuko, ila mume wangu kanitesa wiki hii. Alikuwa anaharisha damu. Mama yuko kwetu, na njia ya chooni inapita pale anapoketi uani, basi Sefu akaona haya kupita mbele ya mkwe kila mara. Akanunua vidonge vya kufunga tumbo, akameza mpaka kuhara kukakoma. Tunashukuru, amepona. Ila tumbo limevimba, na chakula hataki.

Mdogo wako, Shami

Butare, 10 Juni

Shami,

Salaam baadaye. Nani kasema amepona? Kuhara kukikoma huku tumbo linavimba, ni utumbo mpana umelegea kwa sumu ya ugonjwa. Unatanuka, na unaweza kupasuka. Ana homa? Moyo unakwenda mbio? Anaweweseka? Vidonge tupa. Mpeleke hospitali leo hii, apigwe picha ya tumbo. Dereva wa minibasi nimemwambia akuletee hii mpaka mlangoni.

Kaka yako

Nyamirambo, 11 Juni

Kaka,

Nimechoka! Homa anayo, na asubuhi kaniita kwa jina la dada yake. Hospitali tumekwenda, Mama naye kang'ang'ania kutusindikiza. Muganga alipouliza, Sefu akajibu, "Tumbo iko imefunga tu, docteur." Damu hakuitaja, vidonge hakuvitaja. Nami ningemwaibishaje mume wangu mbele ya Mama? Wamemlaza na dawa ya malaria. Kesho watampiga bomba la maji kwa nyuma, tumbo lifunguke.

Shami

Butare, 12 Juni

Shami,

Bomba hapana! Wataupasua utumbo! Huyo daktari mmemficha ugonjwa, atautambua vipi? Simama hapohapo mbele ya Mama, useme: damu, na vidonge. Picha ipigwe, daktari wa upasuaji aione. Ningekuja mwenyewe, lakini wodi nzima hapa inaharisha damu. Haya yenu itamuua shemeji yangu.

Ismaël

Nyamirambo, 17 Juni

Kaka yangu,

Barua yako ilifika kabla ya bomba, nikasema yote, Mama akisikiliza. Wakapiga picha. Muganga akanionyesha utumbo, mpana kama paja la mtoto, umejaa hewa. Akanifokea kwa nini nilinyamaza. Wakampasua jioni ile, wakakuta umeshatoboka.

Tumemzika Jumapili. Nina hasira, Kaka, na mwenye kukasirikiwa hayupo tena. Mama ndiye kanimaliza. Kaniuliza, "Mbona hamkuniambia? Mimi ningelala kwa jirani."

Mdogo wako, Shami