Usiruke Mstari

Nairobi, 12 Septemba 1996

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hapo mtaani Kuze hamjambo. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Baba, nimeanguka mitihani miwili. Silali, chakula hakipiti, nalia bila ya kuguswa. Nywele sijachana tangu Maulidi. Daktari wa chuo asema huzuni hii ni ugonjwa, nipumzike muhula mmoja. Nataka kuja nyumbani. Msomee Mama.

Mwanao,
Afaf

---

Mombasa, 20 Septemba 1996

Mwanangu Afaf,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma leo baada ya Ijumaa kama desturi, sebule imejaa jirani. Nimesoma palipofaa kusomwa. Ugonjwa gani huo usio na homa? Mtaa mzima wakuita daktari, wewe waniletea habari za kulia. Rudia mitihani, upasi. Nyumbani huji.

Babako,
Abdulhadi

---

Nairobi, 9 Oktoba 1996

Baba,

Assalaam alaykum. Hali sikuulizi, maana yangu hukuiuliza.

Kache wa Makadara ya huko Mombasa, ninayesoma naye, amerudi chuoni kutoka nyumbani na sahani ya halua. Asema Mama ameipika kwa mikono yake kunipongeza, kwa kuwa nimekuwa wa kwanza darasani. Wa kwanza, Baba? Mama hajui kusoma, macho yake ni wewe, nawe ukamdanganya mbele ya watu, akasimama jikoni kukoroga halua ya uongo wako. Nimeitupa. Nina hasira nawe ambazo sijapata kuwa nazo kwa mtu.

Juzi nilitaka kufa. Loise, mwenzangu wa chumbani, alinishika mkono hakuniacha.

Ijumaa isome hii, watu wale wale wakiwapo. Usiruke mstari. Ukiruka, hutapata barua yangu tena.

Afaf

---

Mombasa, 18 Oktoba 1996

Mwanangu Afaf,

Assalaam alaykum.

Nimeisoma Ijumaa iliyopita. Pale pa Loise sauti ilinikatika, mamako akasema, "Endelea." Nilipomaliza aliwaaga jirani mmoja mmoja kwa adabu, akafunga mlango, akatoa barua zako zote sandukuni akazimwaga mapajani mwangu. Nimezisoma upya tangu ya kwanza, kama ulivyoziandika. Kumbe tangu mwaka jana wasema hulali.

Aliniuliza, "Na wewe ulimjibu nini?"

Tangu siku hiyo hanipakulii; sahani yangu yaletwa na jirani. Jioni hii ameniita niandike, akasimama nyuma yangu kana kwamba aweza kuona ninachoandika. Maneno yake ni haya:

"Mwambiye naja kumtwaa. Chumba asifagiye. Nyele asizitane, tazitana mwenyewe."

Ameshatia kitana na mafuta ya nazi mkobani. Atapanda basi la kesho; barua hii naitanguliza na la usiku huu. Nimemwomba tufuatane, amekataa.

Amenitaka nimsomee barua hii kabla ya kuifunga. Kisha akamwita binti wa jirani, naye akamsomea mara ya pili.

Babako,
Abdulhadi