Swali Lililofutwa Kwenye Ajenda

Jumatatu, 3 Machi

Nimechapa kumbukumbu za bodi tangu asubuhi. Mgongo unauma. Miaka ishirini na sita nikiwa karani wa kampuni hii ya maziwa na bado nachapa kwa vidole vinne.

Ajenda: maombi, kumbukumbu zilizopita, usafiri. Zamani baada ya maombi kulikuwa na swali. Mzee Cheruiyot, aliyeanzisha kampuni na wakulima wenzake, alikuwa anavua kofia, anaiweka mezani, kisha anauliza: "Nani ana chake katika mambo ya leo?" Aliyekuwa na chake alisema na kutoka nje. Hata yeye alitoka siku bodi ilipotaka kununua nyasi kwa shemeji yake. Alikaa kwenye benchi ya korido kama mtu anayengoja daktari. Nikampa chai.

Mwenyekiti mpya aliliondoa swali hilo mwaka jana. Alisema linapoteza wakati. Hakuna aliyebisha. Mimi ndiye niliyelifuta, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Wafula, dereva wa lori letu la maziwa, amerudisha funguo. Miaka kumi na tisa kwenye barabara ya Keringet. Bodi imeuza lori letu kuukuu, na maziwa sasa yatabebwa na malori mawili meupe ya kukodi. Nilimpa fomu, akasaini, akauliza kama anaweza kwenda na kalamu. Nikamwambia achukue. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Honi yake ilikuwa fupi mbili, ndefu moja, pale kona ya shule. Watu walikamua wakiisubiri. Nikilala kwa dada yangu Rosa ndiyo iliyoniamsha.

Niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Mkataba wa malori hayo umekuja na nakala za logbuku, zile hati za umiliki wa gari. Jina lililomo ni la mke wa mwenyekiti. Nililiona. Nikatoboa karatasi, nikaweka kwenye faili. Nimebakisha mwaka mmoja na nusu nistaafu, na mwanangu Brian bado yuko chuo. Niliogopa, basi.

Jumanne, 18 Machi

Tangi la pili tupu. Meneja amelaumu kiangazi. Kiangazi tumekiona miaka yote.

Jumapili, 30 Machi

Nimetoka Keringet kwa Rosa. Mitungi yake imepinduliwa kwenye ua, mikavu. Anauzia mtu wa pikipiki sasa. Anasema lori jeupe huja saa linayotaka, halipigi honi, halingoji. Maziwa yalibaki bila kuchukuliwa wiki mbili mfululizo. Alipomuuliza dereva, aliambiwa aongee na wenyewe.

Nilianza kumweleza habari za mkataba. Akanikata.

"Maziwa niliwapa ndama, Conso, hiyo si shida. Shida ni nyinyi wa ofisi mnaona na mnanyamaza tu."

Chai ilinishinda.

Njiani nimekumbuka ile mvua iliyokata barabara. Mzee Cheruiyot na Wafula waliacha lori ng'ambo, wakavusha mitungi kwa mabega, suruali ya suti ya mzee ikiwa imekunjwa hadi magotini. Hakuna mtungi uliobaki. Baadaye walikuja wanunuzi wengine na bei nzuri kuliko yetu, na Keringet nzima ikakataa kuhama. Jambo hilo halimo kwenye kitabu chochote cha kampuni. Wakaguzi hawakuwahi kuliuliza. Lakini ndilo lililotulisha sisi wote, na karo ya Brian ilitoka hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna gawio mwaka huu. Mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mashine ya pakiti imezimwa saa nane mchana na wasichana wa zamu wakatumwa nyumbani. Kiwanda kimya. Nilikuwa nalalamikia kelele zake.

Mwenyekiti anataka lori la tatu. La kukodi, kule kule. Kikao ni Jumatatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelirudisha swali kwenye ajenda. Namba mbili, mahali pake pa zamani. Nikatoa nakala saba, moja kwa kila mkurugenzi.

Mwenyekiti alisoma, akaruka, akasema tuendelee na usafiri. Nikasimama. Katika miaka yote hii sijawahi kuongea kikaoni ila kuuliza jina linaandikwaje. Nikashika meza.

"Mwenyekiti, umeruka namba mbili. Nani ana chake katika mambo ya leo?"

Pasta, mkurugenzi wa Molo, aliangalia viatu vyake.

"Madam, kazi yako ni kuandika."

Nikakaa. Nikaandika: Swali liliulizwa. Mwenyekiti hakujibu. Kikao kilipoisha nilichapa, nikaambatisha zile nakala za logbuku, nikawatumia wote saba kama kawaida. Kumbukumbu zetu husomwa kwa sauti mbele ya wanachama kila mkutano wa mwaka. Hiyo sheria ya Mzee Cheruiyot hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Saa kumi nilipewa barua. Likizo ya lazima. Nimebeba kikombe changu na sweta.

Jumapili, 11 Mei

Mkutano wa mwaka wa wanachama ulikuwa jana. Mimi sikuruhusiwa getini. Rosa alikuwa ndani. Anasema Pasta ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye ile mistari miwili akaisoma, na jina la kwenye logbuku pia. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti aliondoka kabla ya chakula. Wameamua malori meupe yasirudi, na Wafula aitwe.

Kuhusu barua yangu hawakusema kitu. Mezani kwangu kuna msichana mpya. Nimeumia, sitasema uongo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelala kwa Rosa. Alfajiri nimesikia: fupi mbili, ndefu moja.

Tumetoka na mtungi mmoja. Barabarani tulikuwa watu wanane. Zamani tulikuwa tunasukumana. Wafula ameshuka kwenye lori la kuazima, akanisalimia kama mtu aliyeniona jana, akafungua kifuniko, akanusa, akaandika jina la Rosa kwa ile kalamu ya ofisi.

Mtungi ukarudi mtupu. Rosa alishika upande mmoja na mimi mwingine, ingawa ulikuwa mwepesi.