Usimwoshe Beno kwa Maji ya Tumbaku

Mjukuu wangu Editha,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Tunduru? Sisi hapa Matogoro wazima, babu yako anapalilia mahindi. Tangu uliponitumia ujumbe simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua hii.

Swali lako limenikasirisha. Eti jirani anasema umwoshe mdogo wako Beno kwa maji ya tumbaku kwa sababu viroboto wamemuuma? Thubutu!

Nikiwa msichana kule Namtumbo, shangazi alimwosha hivyo mdogo wangu. Mtoto akatapika, akalegea mwili mzima. Shangazi anasema, "Anadeka tu huyu." Mama akambeba mbio kwenda hospitali huku anafoka: "Wifi, dawa ya kiroboto mpake kiroboto, siyo mwanangu!" Mungu akamponya.

Wewe mwoshe Beno kwa maji na sabuni, mwekee kitambaa cha maji baridi, mkate kucha asijichubue. Matandiko fua kwa maji ya moto, anika juani, na mbwa alale nje. Pakitunga usaha, mpeleke zahanati.

Jana hata rozari nimeisali kwa hasira. Nijibu upesi, mama, uniambie hujamwosha.

Bibi yako