Bwana Salehe Hajajibu

Alhamisi, 14 Februari 1957

Posa yangu imefika! Imefika mchana, na jioni Baba ameivuruga.

Washenga wa Muhidini walikuja baada ya adhuhuri, wazee wawili, makoti yamelowa mvua. Mimi nikafungiwa chumba cha nyuma kama kuku wa mgeni, nikasikiliza nyuma ya pazia. Baba akawaambia amewasikia, jibu watapata. Sawa, ndiyo desturi. Baba wa binti akijibu papo hapo ataonekana alikuwa anatafuta pa kumtupa.

Lakini jioni! Watu wamejaa barazani kusikiliza mchezo wa kuigiza, kwa sababu redio mtaa mzima ni moja, ya Baba, na betri yake inalindwa kuliko mimi. Kalinga, dereva wa lori la Iringa, akamchokoza: Mzee Othmani, kati yako na Bwana Salehe nani mgumu zaidi kutoa binti? Watu wakacheka. Baba akasimamisha cherehani. Akasema, siku Bwana Salehe atakapomjibu Hamadi, siku hiyohiyo na mimi nitamjibu Muhidini. Wallahi!

Bwana Salehe ni mtu wa redioni. Ni sauti tu! Anakohoa, anamkatalia Hamadi asimwoe bintiye Zainabu, anakohoa tena.

Nilikasirika mpaka nikaunguza vitumbua. Halafu nikafikiri — mchezo unakaribia mwisho, na Mbeya nzima inajua Hamadi atapewa. Basi wacha niolewe pamoja na Zainabu.

Alhamisi, 21 Februari

Leo ndiyo leo, tulisema. Hata wasiotusalimu walikuja.

Bwana Salehe kasimama mbele ya wazee. Kakohoa kile kikohozi chake, anachokohoa kabla ya kila jambo kubwa. Kasema, "Mwanangu Zainabu, nimeamua..."

Muziki! Mpaka wiki ijayo!

Tupokigwe, shoga yangu anayeuza ndizi sokoni, akairushia redio ganda la ndizi. Baba akamfokea, ukiivunja je? Akajibu, "Mwe, Baba Mwanahawa! Huyo mzee ndiyo anatuvunja sisi!"

Muhidini alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mchumba hakai baraza la wakwe. Alijifanya anatengeneza baiskeli. Ndiyo kazi yake, kutengeneza baiskeli, lakini ile ni nzima. Ya kwetu nayo ilikuwa nzima, akaja kuitengeneza na kuitengeneza, mpaka Mama akamwuliza kama anaposa baiskeli.

Alhamisi, 28 Februari

Hakuna mchezo.

Mtangazaji, kwa sauti tamu kama asali: mchezo umefikia tamati, tunawashukuru wasikilizaji. Sasa Bwana Shamba atatueleza kilimo cha pareto.

Tamati gani? Mtu kasimama! Kakohoa! Hata kuketi hajaketi!

Bwana Shamba akaanza. Chagua miche yenye afya. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akazungusha kile kidude huku na huku, labda mchezo umehamia mahali pengine. Ukapatikana mluzi na Mhindi anaimba. Akairudisha, akaipiga redio kofi. Pareto hupenda nchi ya baridi, ikasema.

Baba akanong'ona, "Lakini hajajibu."

Watu wote wakageuka kumtazama Baba. Kisha wakageuka kumtazama Muhidini ng'ambo ya barabara. Akaangusha pampu.

Ijumaa, 1 Machi

Baada ya sala Maalimu Bushiri wa msikitini kwetu kaja kumwonea Mama huruma (mimi hakuna anayenionea). Akasema kiapo kina kafara yake, Mzee Othmani alishe masikini, yaishe. Mama alikuwa ameshashika sufuria ya wali.

Baba akakataa. Akasema Mungu nitamtolea kafara, baraza nitalitolea nini? Nikitengua neno leo, kesho nikimwambia mtu kanzu yake itakuwa tayari Jumamosi, nani ataniamini?

Mama akasema hakuna anayekuamini hata sasa. Kanzu ya Maalimu mwenyewe ipo pale ukutani tangu Maulidi, haina mkono mmoja.

Maalimu akaitazama. Akasema tusitoke kwenye mada.

Jumanne, 5 Machi

Shaabani imeandama. Baada yake Ramadhani, na Ramadhani hakuna harusi.

Kalinga karudi kutoka Iringa na salamu za Shangazi Bibie, aliyemlea Muhidini. Nazijua kwa moyo, kwa sababu Kalinga alizisema kwa sauti mtaa mzima ukasikia: kama Mbeya hawana jibu kabla ya mfungo, Kihesa, hukohuko Iringa, yupo binti mtulivu, tena anasukuma chapati mviringo kama mwezi.

Zangu zinatoka kama ramani ya Tanganyika. Najua! Lakini nani alimwambia watu wanakula mviringo?

Nimemtuma Tupokigwe kwa Muhidini: akienda Kihesa asirudi. Jibu likaja kwamba hata Kihesa hajui iko wapi. Amezaliwa Iringa! Mwongo mkubwa. Nimeufurahia uongo huo kutwa nzima.

Halafu jioni nikalia. Asipopewa mimi atapewa mwingine, hivyo tu, na mimi nitabaki hapa nikiunguza vitumbua. Kwa ajili ya mtu wa redioni ambaye hata miguu hana!

Alhamisi, 7 Machi

Pareto tena. Baba anawasha redio saa ileile, anasogeza kiti, anainamisha sikio. Anasema huenda walikosea wiki iliyopita. Watu hawaji tena. Yuko peke yake na Bwana Shamba.

Sasa amemwuliza Mama kama mchicha wa nyuma ya jiko ni lazima uwepo. Eti pale pareto itakubali. Mama kamwambia panda, halafu ulale nayo hukohuko.

Jumapili, 10 Machi

Tupokigwe katoka kanisani na wazo. Badala ya kusikiliza mahubiri alikuwa anafikiria Bwana Salehe.

"Kama wao wameshindwa kumaliza, si tumalize wenyewe? Midomo si tunayo?"

Nikamwambia Baba hatakubali. Akasema Baba yako aliapa siku Salehe atakapojibu. Sasa Salehe akijibia hapa Mbeya kuna ubaya gani? Dar mbali, njia yenyewe tope.

Tukamwuliza Maalimu. Akakuna ndevu muda mrefu. Akasema kwa upande wa sheria hana hakika, ila naye usingizi hapati, anataka kujua mwisho.

Jumatano, 13 Machi

Mazoezi, barazani kwetu. Balaa tupu!

Maalimu Bushiri kajichagulia kuwa Hamadi. Na mvi zile! Kalinga ni mtangazaji, lakini ni Mlutheri wa kweli, anataka Hamadi kwanza atubu mbele ya watu kwa sababu mwanzoni mwa mchezo alicheza kamari. Maalimu akasema hatubu ng'o, amekuja kuposa, hakuja kuungama. Wakabishana mpaka mvua ikaanza. Tupokigwe ndiye Zainabu, na analia vizuri mno. Mama mmoja aliyekuwa akipita akaingia kutupa pole ya msiba.

Ila Salehe hakuna. Kalinga alijaribu kukohoa, likatoka lori lake. Maalimu akajaribu, kikamshika kikohozi cha kweli, tukamchemshia tangawizi.

Baba alikuwa kwenye cherehani muda wote, anashona, hatutazami. Akasema, "Sivyo."

Akakohoa.

Yarabi! Salehe mwenyewe! Pale pale, na tambo zake zote! Tupokigwe akapiga magoti bila kuambiwa.

Baba kasema yeye hamo katika upuuzi huu. Baadaye, akila, kasema labda kama ni kukohoa tu.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimesikia jambo, na sijui nicheke au nifanye nini.

Nilikuwa naosha vyombo uani. Ndani Baba akamwuliza Mama polepole: siku ile nilipokuposa, baba yako alisema maneno gani?

Mama akasema hakusema neno. Alisimama, akafungua kinywa, akalia. Wajomba wakamletea leso, akajifuta, ndiyo ikawa jibu.

Baba akasema, "Basi?"

Mama akasema basi.

Halafu cherehani ikaanza, ikasimama, ikaanza tena.

Na mimi siku zote nikidhani ni ukaidi! Kumbe Baba hana maneno. Mtoto ni mmoja, hajapata kutoa mwingine akajifunza. Alimngoja Bwana Salehe atangulie asikie yanasemwaje, na Bwana Salehe kamkimbia. Nimemwonea huruma Baba yangu. Nimempikia chapati. Kageuzageuza, akauliza hii ni Songea au ni Tanga, akala zote.

Alhamisi, 21 Machi

Shangazi Bibie amefika! Lori lilizama tope Chimala, akalala kwa watu, amekuja na mchele wa hukohuko begani na matope hadi magotini. Nilimpa shikamoo nikamwosha miguu. Akanitazama mikono. Akasema amekuja kuchukua jibu, na akilikosa, kesho anamchukua mtoto wake anarudi naye Iringa. Mama akamweleza habari ya mchezo. Akasema, "Mimi sikulala Chimala nikaumwa na mbu ili nije kusikiliza kikohozi."

Lakini ameketi. Tena kiti cha mbele.

Sasa niko chumba cha nyuma, nachungulia pembeni mwa pazia, maana washenga wapo, na mwali hatokei. Naandika ili mikono iwe na kazi. Baraza limejaa, wengine wako kwenye matope. Muhidini kaletwa hadi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza hana baiskeli, hajui mikono aiweke wapi.

Redio inasema maua ya pareto yakaushwe vizuri—

Baba ameizima. Mwenyewe! Mkono wake!

Kalinga anatangaza. Ameongeza sala fupi ambayo hatukukubaliana juu yake. Maalimu anaposa kwa sauti ya kijana, watu wanajizuia wasicheke. Ametubu! Kidogo tu, harakaharaka, kumridhisha Kalinga. Tupokigwe analia. Shangazi Bibie anauliza huyu naye kafiwa na nani.

Kiti kimelia. Baba amesimama.

Kikohozi. Barabara kabisa!

"Mwanangu..."

Tupokigwe anamkumbusha, ananong'ona mpaka mimi huku ndani nasikia: Zainabu! Sema Zainabu!

"Mwanangu," Baba anasema. "Mwanangu Mwanahawa."

Hakusema Zainabu. Mimi! Mbele ya watu wote!

"Nimeamua..."

Hakuna muziki. Hakuna wa kumkatiza. Amekohoa tena, lakini hicho si cha Salehe, ni cha kwake, kinakatika katikati. Shangazi Bibie anasema taratibu, kaka, usijali, chukua nafasi yako.

Mama amefunua pazia. Anacheka na mashavu yamelowa. Ananiambia acha kuandika wewe mtoto, fungua sanduku haraka, mtafutie baba yako leso—