Mikono ya Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi alikuja kuchukua saa yake niliyomtengenezea. Nikamlalamikia: mteja mmoja wa ng'ambo ya mto amevunja kioo cha saa mara ya tatu! Nikasema watu wale wamezaliwa na mikono mizito, vitu vidogo wataviweza wapi. Shangazi akacheka hadi machozi. Kwani mikono yako imetoka wapi, akauliza. Halafu akajiziba mdomo.

Maji yalishamwagika. Nikambana mpaka akasema. Mama mzazi alikuwa mteja wa marehemu Baba. Alipofariki, Baba akanileta hapa nina miezi saba. Mimi ni wa ng'ambo. Mimi!

Jumanne, 5 Machi

Nimeangusha skrubu mbili. Damu ile imeamka, au ni woga tu?

Baba alizoea kuwaambia wateja: subira ni damu ya ukoo wetu. Huku anajua! Na kaka yangu, mtoto wake wa kumzaa, hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano. Anauza magodoro.

Mume wangu ananiuliza, kwani jana ulikuwa nani? Swali zuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mama aliyenilea hajui kwamba najua. Nimemtazama akimenya viazi. Maganda membamba kama karatasi. Nami namenya hivyohivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimevuka daraja. Shangazi alisema nina kaka huko — ana bucha. Alikuwa na miaka kumi nilipochukuliwa. Nikasimama foleni kama mteja. Akacheka na mtu, na kicheko kilikuwa changu! Kinatoka kwenye ndevu!

Nilipomwambia mimi ni nani, aliweka kisu chini, akalia.

Chai ilipoletwa akavunja mkono wa kikombe. "Ndivyo tulivyo sisi," akasema. Kwa fahari! Kumbe nyama anaikata taratibu kama anayeshona. Kisha akanitania: watu wa upande wenu wote mkono wa birika, sivyo? Nikawaka. Nikautetea ukoo wangu hadi wateja wakageuka.

Ukoo upi? Na hasira hiyo — nimezaliwa nayo, au nimefundishwa?

Jumapili, 17 Machi

Kaka wa ng'ambo niliyemwalika amekuja. Saa nzima kabla ya miadi! Nilipanga nimwambie Mama kwanza, lakini ndiye aliyemfungulia mlango. Hakumtambua. Lafudhi tu ilimtosha. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Mwanangu, huyo ni wa ng'ambo. Funga droo ya saa."

Nikaifunga! Mkono ulikwenda wenyewe. Nikatia ufunguo mfukoni, kuinua macho — kaka ananitazama.

Na Mama ndiye aliyenibeba mgongoni!

Nimejifungia bafuni, naandikia magotini. Kaka ameaga kwa sauti: "Dada, mimi naenda." Mama amemuuliza: dada wa nani? Jibu sikulisikia. Sasa Mama anagonga mlango, taratibu mno, ananiita —